MARINDA YA CHUJIO LA GESI YA MOTO

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa ndugu mmoja, fundi wa mitambo, mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Mimi si msemaji, ni mtu wa spana, kwa hiyo nikipotea njia mnirudishe. Jambo nililoombwa kulieleza ni hili la machujio ya marinda. Mmesikia kwamba kampuni inafikiria kuyaleta hapa badala ya mifuko yetu ya kukamata vumbi, na karatasi ya muuzaji imebandikwa ubaoni, inasema eneo la kuchujia litakuwa mara mbili. Wengine wenu wamefurahi, wengine wana wasiwasi, na ndugu mmoja ameniuliza mlangoni kama ni kweli kwamba watu watapunguzwa. Hilo la kupunguzwa watu atalijibu Katibu. Mimi nitasema habari za marinda, maana nilikaa nayo miaka sita katika kiwanda kimoja cha kemikali, katika nchi moja ya Ghuba. Gesi ya kule haikuwa kama hii ya hapa. Ilikuwa ya moto sana na ilikuwa ndani ya presha, na mahali pagumu kama pale ndipo mtu anapojifunza upesi lipi ni kweli na lipi ni maneno ya karatasi.

Chujio kila mtu analijua. Mama akikamua tui kwa kifumbu, machicha hubaki ndani na tui hupita. Lakini mkitazama vizuri mtaona kwamba mwanzoni kabisa chicha kidogo hupita pamoja na tui, halafu machicha yakijikusanya ndani, yenyewe yanakuwa chujio la pili, na tui linatoka safi zaidi. Chujio la vumbi hufanya vivyo hivyo. Likiwa jipya kabisa linavuja kidogo. Vumbi likishafanya ganda jembamba juu yake, ganda hilo ndilo linalofanya kazi kubwa ya kuchuja. Ganda likizidi unene, gesi inashindwa kupita, ndipo tunapolipuliza kinyume, kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kwa pigo moja la ghafula, ili ganda lianguke chini. Basi kazi yote ya chujio ni hiyo: kukamata vumbi, halafu kuliachia. Wauzaji wengi husema sana habari ya kukamata. Taabu yetu sisi mafundi siku zote ilikuwa ni kuachia.

Sasa niseme juu ya joto na presha, kwa sababu watu huzichanganya. Kule kwetu kulikuwa na chombo kikubwa, na ndani yake unga laini uliokuwa ukichemshwa na gesi kama uji. Unga huo ulikuwa dawa ya kuharakisha kazi ya kemikali, nao ni ghali sana. Gesi ilipotoka juu ilibeba unga pamoja nayo, na ilikuwa lazima unga uzuiwe urudi chomboni, wala usiende kuharibu mitambo ya mbele. Mtu atauliza, kwa nini gesi isipozwe kwanza, ichujwe kwa kitambaa cha kawaida? Unaweza. Lakini ukiipoza umetupa joto ulilolilipia, na ndani ya gesi kuna mvuke na asidi ambazo zikipoa hugeuka maji, maji yakakutana na vumbi, na hapo hutakuwa na vumbi tena, utakuwa na udongo. Kwa hiyo huchujwa ikiwa ya moto vilevile.

Joto hufanya mambo mawili kwa gesi. La kwanza, huivimbisha. La pili wengi hawalijui: huifanya iwe nzito kupenya. Mafuta yakipata moto huwa mepesi, lakini gesi ni kinyume. Hewa ya digrii 400 inasumbua kupita katika kitundu karibu mara mbili ya hewa ya digrii 20. Presha nayo huibana gesi ikawa ndogo, na hiyo ni faida. Na hapa niondoe hofu moja. Vijana wapya kule walidhani presha mara kumi ya hewa ya kawaida italiponda chujio. Sivyo. Presha hiyo iko ndani na nje ya chujio, kama vile samaki hapondwi na bahari. Linaloponda chujio ni tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande safi, na tofauti hiyo hukua kadiri chujio linavyoziba. Kwa hiyo saa ya kutazamwa kila zamu ni ile ya tofauti.

Basi marinda yanaingiaje? Chombo cha presha ni kitu cha gharama. Kila ukikipanua, ukuta wake lazima uwe mnene zaidi, na chuma chake na kulehemu kwake ni fedha nyingi. Kwa hiyo mwenye kuchora mtambo anatafuta eneo kubwa la kuchujia ndani ya chungu kidogo. Ni kama sketi ya marinda: kitambaa cha mita nyingi kinakaa kiunoni mwa msichana mwembamba.

Tufanye hesabu, na anayetaka aandike. Tuseme gesi yetu ni mita za ujazo 10,000 kwa saa, ikipimwa baridi bila presha. Tukiipasha mpaka digrii 400 inavimba kuwa karibu 24,650. Tukiibana mara kumi inabaki 2,465. Hiyo ndiyo gesi yenyewe inayofika kwenye chujio, na kwa sekunde moja ni kama mita za ujazo 0.685. Tuseme tena kwamba vumbi ni jingi na laini, na tumeamua gesi isipenye kitambaa kwa mwendo unaozidi sentimita 3 kwa sekunde. Basi tunahitaji karibu mita 23 za mraba.

Chukueni chujio la bomba, lisilo na rinda lolote, unene wake wa nje milimita 120, urefu mita moja. Ngozi yake ya nje ni mita za mraba 0.377 tu. Tutahitaji mabomba 61. Sasa tulipige marinda 60 yenye kina cha milimita 20. Kila rinda lina kuta mbili, kwa hiyo eneo ni mita 2.4, na machujio 10 yanatosha. Hapo kila mtu anafurahi. Halafu anakuja mjanja anasema, kama marinda 60 yamefanya hivyo, tuyapige 120! Eneo ni 4.8, na machujio matano yanatosha kazi iliyokuwa ikitaka mabomba 61. Karatasi haina kosa. Kuzidisha ni kuzidisha.

Lakini pimeni nafasi. Kitambaa chenyewe, yaani nyuzi za chuma zilizoshikanishwa kwa moto pamoja na wavu wa kuzitegemeza, tuseme kina unene wa milimita 0.7, na kila rinda linakula unene mara mbili, yaani 1.4. Mzingo wa nje wa chujio ni milimita 377. Ukiugawa kwa marinda 60, kila rinda linapata 6.3, ukitoa kitambaa zinabaki milimita 4.9. Ukiugawa kwa 120, linapata 3.1, na ukitoa kitambaa zinabaki 1.7. Huko ni mdomoni. Karibu na kiini, ambako mzingo ni 251 tu, rinda la 120 linabakiwa na milimita 0.7. Sasa ganda la vumbi likifikia unene wa milimita moja tu kwenye kila ukuta, ni milimita mbili zinazotaka kukaa katika mdomo wa 1.7. Hazienei. Maganda mawili yanashikana, na bonde lote linafungwa kama mlango.

Na bonde likifungwa, eneo lile la karatasi limekufa. Kinachobaki ni ngozi ya nje, mita 0.377 kwa kila chujio, kama vile hapakuwa na rinda. Machujio matano ni chini ya mita mbili za mraba. Gesi ile ile sasa lazima ipenye kwa mwendo wa sentimita 36 kwa sekunde badala ya 3. Mara kumi na mbili! Inalisukuma vumbi ndani ya kitambaa chenyewe, na vumbi lililoingia ndani ya kitambaa halitoki kwa kupulizwa tena.

(Hapa msemaji aliweka mezani kipande cha chujio, urefu wa shibiri moja, alichokijaza majivu ya jiko nusu yake kwenye marinda mapana na nusu kwenye marinda aliyoyabana kwa uzi. Alipuliza ndani kwa pampu ya baiskeli. Majivu ya marinda mapana yalianguka karibu yote. Ya marinda yaliyobanwa yalianguka ya juu tu, na baadhi ya wanachama walikwenda mezani kutazama.)

Mmeona wenyewe. Pigo la gesi hupita panapopitika. Likipata mahali palipo wazi hutokea hapo hapo, halihangaiki kwenda kusukuma bonde lililojaa. Tena pigo lote linaingia kwa shingo moja ya chujio. Shingo ile ile iliyokuwa ikilisha mita 2.4 sasa inaambiwa ilishe 4.8. Kila sehemu inapata nusu ya nguvu, ingawa kazi imeongezeka. Kipande hiki hakijawahi kuingia kwenye gesi, kiliharibika wakati wa kulehemu na mtunza stoo akanipa kwa karatasi ya getini. Kile kilichotumika sikukileta, kwa kuwa vumbi la namna ile si la kulitembeza kati ya watu.

Sasa habari ya kile kilichotumika. Mwaka 2015 kampuni ile ilibadilisha machujio ya marinda machache ikaleta ya marinda mengi, idadi ile ile katika chombo kile kile. Meneja akapiga hesabu: eneo limekuwa mara mbili, basi gesi iongezwe. Ikaongezwa. Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri, saa ya tofauti ilishuka kuliko zamani, na watu walipeana mikono. Wiki ya tatu sindano ilianza kupanda. Ikaamriwa tupulize mara nyingi zaidi. Tukapuliza. Ikaamriwa presha ya kupuliza iongezwe. Ikaongezwa, na siku chache baadaye unga ukaonekana upande safi, kwa sababu mshono wa chini wa chujio moja ulipasuka.

Alilaumiwa nani? Alilaumiwa kijana wa zamu ya usiku, mtu wa pwani kama mimi. Walisema alilala, hakupuliza. Alikatwa nusu ya mshahara wa mwezi na akaandikiwa barua ya onyo. Kule mgeni hana chama cha kumsemea, na barua ya pili ni tikiti ya ndege. Nami nilijua kwamba alipuliza, kwa sababu valvu za kupulizia zilikuwa na kihesabio, nacho kilikuwa kimeandika kila pigo la usiku ule. Nilikitaja. Nikaambiwa mashine huweza kukosea.

Tulipofungua chombo nilimwomba mhandisi wa zamu ruhusa ya kukata chujio moja bovu kabla halijatupwa. Alikuwa mtu wa haki, akakubali. Tulilikata kwa urefu, kwa msumeno wa chuma, katika chumba chenye kinyonya vumbi, tukiwa na barakoa. Mabonde yalikuwa yamejaa unga mgumu kama udongo wa chungu. Tulipima kwa rula. Katika kina cha milimita 20, milimita 16 zilikuwa zimeziba, tangu juu hadi chini, isipokuwa karibu na shingo. Mtu aliyelala usiku mmoja hawezi kujaza vile. Ilichukua wiki. Mhandisi alisimama kimya, halafu akaita meneja aje aone. Yule kijana alirudishiwa fedha zake mwezi uliofuata. Barua ya onyo haikuondolewa katika faili lake, ingawa aliomba mara mbili.

Msidhani wale walikuwa wajinga peke yao. Kosa hili limewahi kuwafundisha watu wakubwa. Huko Marekani, katika jimbo la Ohio, mahali paitwapo Brilliant kando ya mto Ohio, palikuwa na kituo cha umeme cha majaribio kilichoitwa Tidd, cha megawati 70. Kilifanya kazi tangu 1991 hadi 1995. Makaa ya mawe yalichomwa ndani ya chombo chenye presha, na sehemu moja kati ya saba ya gesi yake ilipitishwa katika chujio la majaribio lenye mishumaa 384 ya kauri. Mshumaa ni bomba la kuchujia lililozibwa chini, urefu wake pale ulikuwa mita moja na nusu na unene milimita 60. Gesi ilikuwa ya digrii zaidi ya 650, na nyakati nyingine zaidi ya 800. Hakuna marinda kwa joto hilo katika kauri, maana kauri ikishachomwa haikunjiki, kama vile huwezi kukunja kigae.

Basi hata pale, mahali ambapo kati ya mshumaa na mshumaa unaweza kutia vidole vyako, majivu yalijenga madaraja. Yalishika mshumaa huu na huu, yakajaa, yakagandamana, na mishumaa ikavunjika. Majivu laini yaliyobaki juu ya kila mshumaa yalikuwa yanashikamana mno. Na dawa waliyoipata ni ya kustaajabisha. Mbele ya chujio palikuwa na chombo cha kuzungusha gesi ili punje kubwa zianguke kabla ya kufika kwenye mishumaa. Kila mtu angesema ni jambo jema kulipunguzia chujio mzigo. Wao walikipunguza nguvu, mwishowe wakakizuia kisifanye kazi, punje kubwa zikapita pamoja na laini, na ganda likawa jepesi, lenye kuvunjikavunjika, likaanguka vizuri zaidi. Chujio lilipewa vumbi jingi zaidi likafanya kazi vizuri zaidi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu mzee mmoja wa kiwandani kwetu, asiyejua kusoma, alikuwa akisema kila siku kwamba vumbi laini peke yake ndilo linalonata.

Ikiwa madaraja yanajengwa katika nafasi ya vidole, mtaona mdomo wa milimita 1.7 una matumaini gani.

Sitaki mtoke hapa mkisema marinda ni mabaya. Marinda ni mazuri mahali pake. Gesi yenye vumbi kidogo sana, kama ile iliyokwisha kuchujwa mara moja, ambapo chujio la pili limewekwa kama askari wa mwisho, hapo marinda mengi ni sawa kabisa, maana mabonde hayajai upesi. Vumbi likiwa jingi, mchoraji mwenye busara hupunguza idadi ya marinda, huyafanya mafupi na yenye mdomo mpana kuliko chini, na hulipa gharama ya machujio mengi zaidi. Kuna kiasi cha katikati. Marinda machache mno, gesi inapenya kwa kasi na kuziba kitambaa. Marinda mengi mno, gesi inabanwa katika mifereji yenyewe hata kabla vumbi halijafika. Muuzaji aliyefanya majaribio yake kwa hewa baridi anaweza kukuletea kiasi kisicho chako.

Halafu kuna kitambaa chenyewe. Nyuzi zile za chuma ni nyembamba kuliko unywele. Vibanzi vya kuni huwaka kabla ya gogo, na nyuzi nyembamba huliwa na joto na asidi kabla ya bamba la chuma kile kile. Chuma kisichoshika kutu cha kawaida, ambacho bamba lake linastahimili sana, kikiwa nyuzi katika gesi yenye oksijeni hukitegemei kwa muda mrefu juu ya digrii 400 hivi. Ukitaka kufika karibu na 1,000 unatafuta aloi ya chuma, kromi na alumini. Tena pale kitambaa kinapokunjwa ndipo kinapochoka. Kunjo likiwa kali kama la karatasi, nyuzi za nje hukatika, na tundu hilo huonekana baada ya miezi, si siku ya kwanza. Sisi tulizoea kupitisha tochi ndani ya chujio jipya gizani na kulizungusha taratibu. Ukiona nyota kwenye kunjo, lirudishe.

Na chuma hurefuka. Mita moja ya chuma hicho kisichoshika kutu, ikitoka digrii 20 mpaka 400, inaongezeka karibu milimita 6 na nusu. Chujio likifungwa juu na chini bila nafasi litajipinda kama mkunjo wa kiko cha bomba, na likijipinda marinda ya upande mmoja yanafungana. Lining'inizwe juu, na chini liwe na mwongozo tu wa kulizuia lisiyumbe.

Sasa neno kwa mkono unaofungua. Kule kwetu machujio yalibadilishwa na watu, hayakubadilishwa na karatasi. Chombo cha namna hii hakifunguliwi kwa kutazama saa moja inayosema presha ni sifuri, maana bomba la saa nalo huziba kwa vumbi. Presha itolewe, mabomba yatenganishwe kwa sahani nzima ya chuma kati ya flanji, wala si kwa valvu iliyofungwa tu. Gesi yenye kuwaka husafishwa kwa nitrojeni, kwa sababu hewa ikikutana na gesi na joto ni mlipuko. Lakini nitrojeni yenyewe haina harufu wala rangi, na mtu akiingiza kichwa ndani anaanguka kabla hajajua kwamba anaumwa. Kwa hiyo baada ya nitrojeni ni hewa, na baada ya hewa ni kipimo, na kipimo kirudiwe. Vumbi jingine likiwa na kaboni au salfidi ya chuma huwaka lenyewe likiguswa na hewa, hata chujio likiwa limelala chini juu ya turubai. Sisi tulililowesha pale pale lilipotoka.

Mambo haya yanaamuliwa siku ya kuchora. Mfuniko ukiwa na bolti 40 na hakuna kiguu cha kuunyanyua, watu watabeba kwa mabega. Machujio yakisongamana hata spana haizunguki, mtu atazungushia kwa nyundo. Mchoraji akiweka matano mazito badala ya kumi mepesi, migongo ya watu wawili itajua.

Narudi hapa nyumbani. Gesi yetu haina presha kubwa, inavutwa na feni tu, na mifuko yetu ni ya kitambaa. Kwa hiyo hatari ya nitrojeni na ya kufungua chombo cha presha si yetu. Lakini rinda ni rinda. Karatasi ya ubaoni inasema eneo mara mbili. Haisemi mdomo wa rinda ni milimita ngapi. Haisemi kitambaa ni cha nini, na kama ni polista, haipendi kukaa juu ya digrii 130 hivi, hasa penye unyevu. Nanyi wa tanuri mnajua sindano inapofika siku mtambo unapochafuka. Haisemi kama feni itaongezwa kasi kwa sababu ya eneo hilo la mara mbili. Hilo ndilo ningeliuliza la kwanza, kwa kuwa hapo ndipo sisi kule tulipoangukia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kiwanda chenye watu 20 au zaidi kiwe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wamo ndani yake. Basi maswali haya yapelekwe kwenye kamati kwa maandishi kabla ya kununua, na yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Ningependa pia tuombe safu moja tu ibadilishwe kwanza, tuipime miezi mitatu, na idadi ya mapigo ya kupuliza iandikwe kila zamu, pamoja na jina la zamu. Mwenye kihesabio kilichoandikwa hawezi kuambiwa alilala.

Kipande hiki nitakiacha ofisini kwa Katibu, pamoja na pampu na mkebe wa majivu. Ndugu walio zamu leo wakitaka kukipuliza wenyewe, ofisi inafunguliwa saa kumi jioni. Nani ana swali?